Usingizi umenirudia, joto la Tudor liko pale pale

Mwezi wa pili mwaka huu, hapa Tudor, Mombasa, nlikua nalala feni iko usoni, dirisha wazi, shuka nimeitupa huko miguuni, na bado saa nane usiku macho kodo naangalia dari. Sio usiku mmoja ati. Kama wiki sita hivi, wallahi, sikupata usingizi wa kueleweka, nalala mang'amung'amu, nashtuka, nageuza mto nikidhani ule upande wa pili una baridi, dakika mbili nao ushashika moto, nageuka tena kama chapati kwenye chuma. Na pembeni mama watoto kalala usingizi wa pono, hata mtoto akilia haskii, mie namwangalia kwa wivu kana kwamba usingizi wa nyumba nzima ni mmoja na yeye kauchukua wote.

Kazi yangu ni makaratasi ya kontena, kliaringi. Wiki moja nkakosea namba ya kontena mara mbili, na kwa kazi yetu tarakimu moja ikienda kombo mzigo unakaa bandarini na storeji inahesabika kila siku. Bosi akaniita ofisini akafunga mlango. Hapo ndo nkajua hii sasa si mchezo.

Nkaingia intaneti kutafuta dawa kama kila mtu. Sasa shida ya ushauri wa intaneti ni kwamba mwingi umeandikwa na watu wa baridi. Kila pahali chumba chako kiwe digrii 18. Kumi na nane! Hapa kwetu mwezi wa tatu, usiku wa manane, huko nje kwenyewe ni digrii 24 au 25 na fukuto juu yake, na mie nakaa nyumba ya juu kabisa, ghorofa ya nne, kichwani kwangu ni zege tu halafu jua. Hiyo 18 ni ya mtu wa Limuru. Mwengine akaandika uvae soksi ukilala, nkafunga simu kwa hasira.

Lakini kumbe ile soksi ina maana yake, niliielewa baadaye. Mwili ukijiandaa kulala unateremsha joto lake la ndani, kama digrii moja hivi, na hilo joto lina pa kutokea, linatokea kwenye ngozi na sanasana viganja na nyayo. Mtu wa baridi akivaa soksi mishipa ya miguu inafunguka, damu ya moto inateremka huko, joto linatoka. Sisi mishipa yetu ishafunguka zamani, tatizo letu ni kwamba hewa ya chumbani iko karibu joto sawa na ngozi, na unyevu mwingi, jasho halikauki. Kwa hivo ukiacha nyayo nje ya shuka na upepo wa feni ukazipitia, hilo ni jambo la maana kuliko kujipuliza usoni, ambako kunakausha macho na koo tu unaamka umekwama sauti. Sa hii feni yangu inaangalia miguu.

Na kuoga. Nlikua najimwagia maji ya friji, nayachanganya kwenye ndoo kabisa, naingia kitandani natetemeka, dakika kumi baadaye jasho linarudi maradufu. Maji baridi sana yanafunga mishipa ya ngozi, sa joto linafungiwa ndani kama wali kwenye sufuria iliyofunikwa. Maji ya vuguvugu ndo yanasaidia, na uoge saa moja au mbili kabla ya kulala, sio dakika ile unapanda kitandani. Kwetu sisi wa juu hata kuyachemsha hayahitaji, yale ya tangi la darini jua lishayafanyia kazi tangu asubuhi, siku yakitoka lakini.

Ilibidi niende kwa bibi, kule Kibokoni, Mji wa Kale, kuuliza. Bibi ana miaka themanini na kitu na analala fofofo, ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene mpaka ukikaa dirishani unakaa kama kitini, dari la boriti liko juu huko, madirisha ya mbao yale ya vibao vinavyopitisha upepo hata yakifungwa. Nkamwambia bibi usingizi umenipaa. Akanitazama. "Mjukuu wangu, weye walala ndani ya tanuri kisha wauliza kwa nini waiva?"

Nkakaa naye siku nzima kuona anavofanya. Mchana madirisha ya upande wa jua yote yamefungwa, nyumba giza, jua haliingii hata chembe. Magharibi bado kafunga, anasema ni mbu na mashetani (mbu nakubali). Baada ya isha anafungua pande zote mbili za nyumba, upepo unaingia huku unatokea kule. Godoro lake ni la sufi, kila baada ya muda analianika juani, na anajifunika leso moja tu iliyochakaa mpaka imekua laini kama ngozi ya mtoto. Mie nyumbani kwangu nafanya kinyume chake chote, mchana hakuna mtu nyumbani mapazia wazi jua linapiga ndani tangu asubuhi, godoro ni sponji linaloshika joto, na shuka ni zile za kung'aa tulizopewa harusini, za nailoni, ukilala juu yake ni kama umejifunga karatasi ya plastiki.

Kwanza nlianza na zege. Usiku mmoja saa tano nlipanda kwenye stuli nkagusa dari kwa mkono, ilikua ya moto bado, jua limezama saa kumi na mbili na nusu na zege bado linatema. Zege linavuta joto mchana kutwa halafu linalirudisha usiku taratibu, ndo maana wenye mabati joto lao linakata upesi kidogo jua likizama, sie wa zege tunaungua mpaka saa saba. Nkaanza kufunga mapazia asubuhi kabla ya kutoka. Jioni nageuza feni inaangalia nje ya dirisha, inasukuma joto litoke, na dirisha la upande wa pili nafungua ili hewa ya nje iingie kujaza, saa moja hivi, halafu ndo nairudisha chumbani. Wakati wa kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki kwa hivo dirisha la jikoni ndo mlango wake, kusi ikianza nabadilisha. Zile shuka za harusi nimezitia kabatini (mama watoto alinuna siku mbili) tukatandika pamba. Na zile wiki mbaya kabisa tulihamia sebuleni, mkeka kwenye tailizi, neti ya pembe nne imefungwa juu na pana ili isitugande, maana neti ikikugusa inazuia upepo na mbu anakung'ata kupitia hapo hapo.

Hayo yote yakanipa kama saa moja zaidi. Nlifurahi, lakini bado saa nane nashtuka. Ndo binamu yangu mmoja, nesi, alipokuja kula idi, nkaanza kumlilia, akaniuliza swali moja tu: unaingia kitandani saa ngapi na unatoka saa ngapi?

Nkamwambia naingia saa tatu, manake nimechoka. Alfajiri naamka naswali halafu narudi kitandani kutafuta hata nusu saa mpaka saa kumi na mbili. Jumapili ndo nalipa deni, nalala mpaka saa tatu asubuhi. Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Kaka, weye huna uchawi wala ugonjwa. Wakaa kitandani saa tisa kutafuta usingizi wa saa tano na nusu. Hizo nyengine zote wakifunza kitanda chako kwamba hapa ni pahali pa kukesha."

Hilo neno lilinikaa. Manake ni kweli, nlikua sebuleni nasinzia mbele ya tivii kichwa kinaanguka, nikiingia tu chumbani macho yanafunguka kama nimemwagiwa maji. Mwili ushajua kitanda ni vita.

Dawa yake haikua tamu. Saa ya kuamka iwe moja, kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku nimelala masaa mawili tu. Kwangu rahisi kuchagua, adhana ya alfajiri huku ni kwenye saa kumi na moja, basi naamka naswali na sirudi kitandani. Kulala si kabla ya saa tano usiku, hata nikichoka vipi. Nikilala nikaona kama dakika ishirini zimepita usingizi hauji, na hapo nisitazame saa, nikadirie tu, nitoke chumbani nikae sebuleni kwa taa hafifu nifanye kitu cha kuchosha, nirudi macho yakiwa mazito. Hauji tena, natoka tena. Nkamuuliza haya ni ya kienyeji ama, akasema hapana, hii ya kutoka kitandani ni ya mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin toka mwaka 1972, na ya kubana masaa ya kitandani ni ya mwenzake Arthur Spielman, 1987, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani kikashauri mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanze na tiba ya namna hii kabla ya vidonge. Muda mrefu kwa hesabu yao ni usiku tatu ama zaidi kwa wiki, miezi mitatu. Mie nlikua naelekea huko.

Wiki ya kwanza, jamani. Siku ya tatu nlilala kwenye matatu asubuhi nkapitishwa stegi yangu nkaamkia Likoni feri, kondakta ananigonga bega "mzee, mwisho hapa". Kwa hivo nasema mapema, kama unaendesha boda, tuktuk ama lori, ama una kifafa, usijibane hivi bila kuongea na daktari, na mtu yeyote asishuke chini ya masaa matano kitandani. Binamu alinisisitizia hilo mara mbili.

Kitu cha kuchosha nlichochagua kilikua kuchambua mchele. Usiku wa manane, mtu mzima, sinia mapajani, nachambua mchele. Mama watoto akiamka anakuta kilo mbili safi jikoni, akawaambia wenzake kwenye chama kwamba mumewe kabadilika. Kwa ile taa hafifu mawe mengine yalibaki, hilo tulilijua kwa meno.

Siku ya tisa ama ya kumi hivi nliingia saa tano, nkakumbuka kugeuka mara moja, na kilichofuata ni adhana. Nlikaa kitandani nkidhani nimesikia vibaya. Kutoka hapo naongeza robo saa kila wiki, bora wiki hiyo muda mwingi wa kitandani niwe nimelala kweli, sasa naingia saa nne na natoka saa kumi na moja, saa saba kamili, ambazo ndo kiwango cha chini wanachosema kwa mtu mzima. Jumapili saa kumi na moja pia. Hiyo ndo inauma hadi leo.

Watu wengi wakiniuliza wanataka kujua saa ya kulala. Saa ya kulala huwezi kuiamrisha, usingizi haulazimishwi, lakini kuamka unaweza, na ukiamka wakati mmoja kila siku basi jioni usingizi unajua wenyewe wakati wa kuja. Na baada ya swala nisikae ndani kwenye giza, nateremka ngazi natembea mpaka ufuoni Tudor, jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kitu, na sie tuko karibu na ikweta basi mwaka mzima halibadiliki sana. Ile nuru ya asubuhi machoni ndo inaweka saa ya ubongo sawa, giza la usiku linaikamilisha. Simu sasa inachajiwa jikoni na nlinunua saa ya kengele ya mezani Mwembe Tayari, nimeigeuza uso ukutani. Kuhusu simu sina mengi, kila mtu anajua na hakuna anayeacha. Mie iliyokua inanimaliza si mwanga hata, ni yale magrupu, mtu katuma ujumbe saa sita usiku kuhusu mchango wa harusi na mie najibu.

Kahawa ndo iliniumiza kuacha. Kila siku baada ya isha barazani, muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe vinagongana kli kli kli, kikombe kimoja, viwili, kashata, mpira na siasa. Nlikua naapa kahawa hainifanyi kitu mie nimekua nayo tangu mtoto. Sasa hesabu ni hivi, kafeini mwilini inachukua kama saa tano kupungua nusu. Ukinywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu nzima bado imo damuni, na kazi yake ni kuziba ile kemikali inayouambia ubongo umechoka. Inaweza hata kukuacha ulale lakini usingizi wenyewe mwepesi, paka akikohoa nje umeamka. Na chai ya rangi pia inayo usijidanganye. Wa jaba na muguka, hiyo miraa, sitaki kusema, wanajijua, wale hata dele halihitajiki. Barazani bado nakwenda, nanywa maji ya tangawizi, wananiita mzazi, eti nimejifungua. Kahawa yangu nakunywa kabla ya adhuhuri.

Kuna mengine nimeyafanya bila kuyafikiria sana. Chakula kizito kama biriani tunakula saa moja na nusu badala ya saa nne, kiungulia kimeisha, na siku tukichelewa nalalia ubavu wa kushoto inasaidia asidi isipande. Kabla ya kulala naandika kwenye daftari la mtoto mambo ya kesho, namba za kontena, deni la duka, ada, nalifunga. Makelele sina dawa, Mombasa ni Mombasa, kuna harusi, kuna paka wanapigana kwenye mabati ya jirani, halafu kabla hata hakujapambazuka kunguru wanaanza baraza lao. Pamba masikioni na mlio wa feni, basi. Mwanga wa taa ya usalama ya jengo la mbele ningefunga pazia lakini pazia likifungwa upepo nao unafungwa, kwa hivo nakunja leso mara mbili naiweka machoni, naonekana kama maiti lakini nalala.

Kailula, ule usingizi mfupi wa mchana, sikuiacha. Dakika ishirini baada ya adhuhuri, kichwa kwenye meza ya ofisi, na isipite saa tisa. Ile ya Jumapili ya masaa mawili baada ya pilau ndo mwizi, inakula usingizi wa usiku. Na ukilala mchana nyumbani neti pia, wale mbu wa denge wanang'ata mchana.

Halafu jinamizi. Zile wiki sita lilinikaba mara tatu, unaamka macho yanaona chumba, kifua kizito, mkono hauendi, sauti haitoki, unaona kuna kitu mlangoni. Bibi akanipa ayatul kursi nisome na nasoma, sina ugomvi na hilo. Ila binamu akanieleza kwamba wakati wa ndoto mwili unafungwa misuli makusudi ili usiamke ukatekeleza ndoto yako, na mara nyengine akili inaamka kabla kufuli haijafunguliwa. Linapenda mtu aliyekosa usingizi na anayelala chali. Nimeanza kulala, nimeacha chali, halijarudi.

Na kama shida yako ni kukoroma, haya yangu yote hayakuhusu. Ami yangu alikua anakoroma mpaka majirani wanajua yuko nyumbani, halafu katikati ananyamaza kimya, sekunde nyingi, kisha anavuta pumzi kama mtu anayezama. Analala masaa manane na mchana anasinzia akiongea na wewe. Tulimcheka miaka mingi. Kumbe koo linajifunga usingizini hewa haipiti, ubongo unamwamsha kila mara bila yeye kujua, na mambo hayo yanapandisha presha. Sasa analala na mashine inayompulizia hewa puani na shangazi amerudi kulala chumba kimoja naye. Kwa hivo ukisikia mtu wako anakoroma na kukata pumzi, daktari, sio mto mpya. Na vile vidonge vya mafua watu wanameza walale, mwili unavizoea haraka na asubuhi kichwa kizito, mie nlijaribu siku nne.

Kilichobaki ni zege. Nimemfuata mwenye nyumba mara tatu, nkamwambia paa likipakwa rangi nyeupe linarudisha jua badala ya kulimeza, akaniambia nyumba ina miaka ishirini hakuna mpangaji aliyelalamika. Nkampandisha juu saa nne usiku, nkamwambia mzee shikamoo tena, vua viatu usimame hapa. Alisimama kidogo akaanza kubadilisha miguu. Kakubali nusu gharama, nusu nitoe mie, na fundi anakuja Jumamosi.